Mawe ya Shekuwe na Kizibo cha Mlizamu

Nani kati yenu hajawahi kuokota jiwe njiani akalitia mfukoni bila sababu? Kama yupo, na atoke nje akapunge upepo, maana hekaya hii haimhusu. Waliobaki wasogee karibu, niwape habari za Sultani Shaibani bin Harithi, mwenye ezi ya mji wa Tarabuni, mji ulio mbali na bahari mwendo wa siku ishirini, na Sultani huyo alikuwa mwadilifu, mwenye ndevu nzuri na subira fupi, na mji wake ulikuwa na misikiti saba na hamamu tatu na bustani za komamanga zisizohesabika, na vyote hivyo vilipata maji kwa chemchemi moja tu, iitwayo Mlizamu, iliyotoka chini ya kilima nje ya lango la mashariki. Ukiikausha Mlizamu umeiua Tarabuni. Litieni hilo akilini, sitalirudia.

Basi katika mji huo alikuwako mshona matandiko ya farasi, jina lake Shekuwe, mtu wa makamo, mpole wa maneno na mgumu wa kichwa, na kazi yake ilikuwa nzuri hata matandiko ya Sultani yalishonwa kwake. Lakini watu hawakumjua kwa matandiko. Walimjua kwa mawe. Kila Ijumaa baada ya sala alichukua mkoba wake wa ngozi akatoka mjini kwa miguu, na alirudi jua likizama, mkoba umemlalia begani, na uso wake umejaa furaha ya mtu aliyetoka harusini.

Na mawe hayo hayakuwa yakuti wala zumaridi, la. Yalikuwa mawe tu. Akiliona moja limempendeza alichuchumaa, akalishika kiganjani mpaka lishike joto lake, kisha akaliramba kwa ncha ya ulimi, maana jiwe kavu huficha rangi yake, na likilowa ndipo utajua kama lina mshipa wa kijani au madoadoa ya kutu. Akifika nyumbani alichovya kalamu nyembamba katika wino, akaliandika tumboni mahali alipoliokota na siku yake. Tumbo la jiwe ni ule upande uliolala ardhini, na mgongo ni ule ulioangalia jua, na Shekuwe hakuwahi kuliweka jiwe tumbo juu, kwa kuwa aliona ni kulivunjia heshima. Tena alikuwa na miiko yake: haokoti makaburini, haokoti msikitini, wala haokoti mahali wanywapo watu.

Majirani walimuuliza, "Bwana Shekuwe, hayauzwi, hayaliwi, hayavaliwi. Unayatakia nini?"

"Nayaangalia," alijibu.

Mke hakuwa naye, kwani kila mshenga aliyempelekea posa alirudi na jibu lilelile: bwana hana ila, lakini ana wake wenza mia saba na kumi na wawili rafuni, na nani atakwenda kuwapangusia vumbi?

Ikawa siku moja Sultani alitoka kuwinda na kipanga wake, na katika mbio ugwe wa tandiko ukakatika, na kesho yake tandiko likaletwa kwa Shekuwe. Alipokuwa akilishona, mdomoni amebana sindano zake tatu kama kawaida yake, mkono wake ukagusa kitu kigumu ndani ya mfuko wa tandiko, akakitoa, akaona ni jiwe jeusi lenye mshipa mweupe uliolizunguka, ukubwa wake kama yai la njiwa. Moyo ukamruka. Alitema sindano, akaliramba, akasikia ladha ya mbali ya chuma, akajiambia, "Ladha hii naijua." Lakini mtu aliyeshinda na sindano mdomoni hula chuma kutwa, naye akadhani ni sindano zake. Jiwe la mtu ni la mtu. Akalirudisha mfukoni, akamaliza ushoni, tandiko likaenda zake.

Haikupita siku tatu, Mlizamu ikaanza kupungua. Siku ya tano ikawa inadondoka tone tone, na siku ya saba ikanyamaza kabisa. Komamanga zilianza kujikunja, na akina mama walisimama foleni na mitungi wakirudi nayo mitupu. Sultani akaita baraza kubwa, na wakati wazee wanabishana, sakafu ya baraza ikapasuka, akatoka jini mwenye kichwa kilichogusa dari na kanzu iliyolowa mpaka kifuani.

"Ewe Sultani Shaibani," akasema, "mimi ni Zimriyani, mkaa chini ya Mlizamu. Babu wa babu yako alikuja mlangoni pangu, tukaahidiana, akaweka jiwe kwa mkono wake liwe kizibo baina ya nyumba yangu na maji yenu. Sasa mtu amelichukua bila kuniomba, na maji yenu yote yanateremka nyumbani kwangu, na wanangu wanalala juu ya makabati. Mimi siwezi kulitia jiwe hilo, maana liliwekwa kwa mkono wa binadamu na kwa mkono wa binadamu litarudi. Nawapa siku tatu. Jua la siku ya tatu likizama jiwe halijarudi, nitahama na maji nitayachukua. Na atakayekuja kunitilia jiwe lisilo lenyewe, atageuka jiwe pale pale aliposimama."

Akatoweka, na sakafu ikabaki na dimbwi.

Waziri Dahmani hakungoja dimbwi likauke. "Seyyidi yangu," akasema, "hapa hapana kitendawili. Jiwe limeibwa, na mwizi wa mawe katika mji huu hata watoto wanamjua."

Shekuwe akaletwa, na mawe yake yakaletwa kwa mikokoteni kumi na miwili. Sasa sikieni balaa. Ada ya jumba la Tarabuni tangu enzi za mababu ilikuwa hivi: hakiingii kitu mbele ya Sultani mpaka kioshwe kwa marashi na kipakwe mafuta mazuri. Kwa hivyo watumishi, kwa adabu zao zote, wakayaosha mawe yote mia saba na kumi na mawili, wakayapaka mafuta yakang'aa, na wino wa miaka ishirini ukateremka mferejini pamoja na marashi. Shekuwe alipoingia barazani akayaona yamepangwa yanameremeta, hayana jina hata moja, akaketi chini akalia mbele za watu, wala hakuona haya.

"Analia kwa kuwa amepatikana," akasema Waziri. "Na achague lililo la Mlizamu aende akalirudishe. Asipochagua, tutamchagulia sisi."

Shekuwe alifuta macho kwa kilemba. "Bwana wangu Sultani," akasema, "hapa halipo. Mimi siokoti wanapokunywa watu. Kuchagua moja ni kusema uongo, na uongo huo utanigeuza mimi jiwe na mji utabaki na kiu yake. Lakini niachie siku hizo tatu, na nitakuambia kila jiwe hapa limetoka wapi, moja baada ya moja, mpaka la mwisho. Likinishinda moja tu, fanyeni mtakavyo."

"Wino umefutika," akasema Sultani. "Utajuaje?"

"Wino ulikuwa wa kuwaonyesha wageni, bwana wangu. Na wageni hawakuja."

Maneno hayo yalimgusa Sultani pahali. Akaamrisha afanyiwe hivyo, na kwa kuwa hakumwamini karani yeyote wa Waziri wake, akamwita bintiye, Siti Hasina, mwenye hati nzuri kuliko wote jumbani, aandike upya kila jiwe kwa mkono wake. Basi wakawekwa katika ukumbi wa chini, na yaya wa Siti akaketi mlangoni kulinda heshima, akasinzia hapo hapo.

Siku ya kwanza ikaenda kwa wepesi. Shekuwe aliyasugua kwa majivu kuondoa mafuta, akayapima kiganjani, akayaramba, na yakaanza kumrudia. "Hili ni la Bonde la Punda, siku niliyopatana na kaka yangu baada ya miaka sita, tulikaa juu ya jabali tukala tende, nikaliona baina ya miguu yake. Hili la njia ya Kusi, mvua ilininyea mpaka mifupani, na sijapata kufurahi vile. Hili nililikuta limepasuka, nikazunguka Ijumaa nne natafuta nusu ya pili, nayo ile pale, Siti, chini ya mkono wako." Siti Hasina aliandika, mwanzo kwa adabu, kisha kwa hamu, na kufika alasiri alikuwa haandiki mpaka ameliramba na yeye.

"Hili umeliokota wapi?" akawa anauliza kabla hajaambiwa, na Shekuwe, ambaye kwa miaka ishirini hakuna aliyemuuliza swali hilo, kila mara alimeza mate kwanza ndipo akajibu.

Siku ya pili ikawa ngumu. Yalibaki mawe arobaini ya mtoni, ya kijivu yote, mviringo yote, na mafuta yalikuwa yameyaingia. Waziri alipita akayatazama, akacheka, akaenda zake. Shekuwe aliyasugua kwa majivu mpaka vidole vikatoka damu, akayaanika juani, akayagusa moja moja aone lipi limewahi kushika joto na lipi limechelewa, maana ya mto wa juu ni mazito na huchelewa. Siti akamwambia, "Pumzika, bwana Shekuwe. Kwa haya arobaini tuandike mto tu, nani atajua?"

"Mimi nitajua," akasema, na akaendelea. Jua la siku ya pili lilizama yamebaki manne.

Siku ya tatu, adhuhuri haijafika, jiwe la mia saba na kumi na mawili likaandikwa. Hakuna lililoshindikana. Siti Hasina aliweka kalamu chini, na kwa furaha akammiminia Shekuwe kikombe cha maji, akisema, "Kunywa. Ni maji ya mwisho ya Mlizamu, mtungi wangu mwenyewe, nimekuwekea."

Shekuwe akanywa, naye alikuwa siku tatu hajabana sindano mdomoni. Funda la kwanza likampita. La pili akalishikilia ulimini, akatulia. Chuma. Chuma cha mbali, na utamu mwembamba nyuma yake. Akakiweka kikombe chini kabla hakijaisha.

"Umejua lilipo," akasema Siti.

"Nimejua," akasema Shekuwe, "na afadhali nisingejua."

Kwa nini alisema hivyo? Fikirini. Yeye sasa alikuwa ameokoka. Alikwishatimiza ahadi, hati ya binti Sultani inamshuhudia, na angeliweza kusimama akasema mawe yangu ni haya na la Mlizamu halimo, kisha akarudi nyumbani kwake salama. Lakini nyumbani kwake kulikuwa ndani ya Tarabuni, na Tarabuni ilikuwa na saa sita za kuishi, na mwenye jiwe alikuwa mtu ambaye kumnyooshea kidole ni kukiaga kidole na mkono wake. Shekuwe aliogopa. Alisimama hivyohivyo na hofu yake, akaenda barazani.

Sultani alikuwa ameketi juu ya kiti chake cha ezi, uso umesawijika, mkono wa kulia ameuficha ndani ya mshipi wa joho lake, na waliokuwa karibu waliona mshipi ukicheza kidogo kidogo, kama anayevuta tasbihi.

"Nimemaliza, bwana wangu," akasema Shekuwe, "na mwanao ni shahidi. Sasa naomba amani ya neno moja."

Sultani akamtupia leso ya amani. "Sema."

"Siku ulipokwenda kuwinda, bila shaka ulishuka Mlizamu kunawa uso. Uliona jiwe jeusi lenye mshipa mweupe, ukalipenda, ukalitia mfuko wa tandiko. Nililiona nilipokuwa nikishona, na nililiramba, unisamehe kwa hilo. Jiwe hilo lina ladha ya Mlizamu, na kidole gumba chako, bwana wangu, kinalisugua hivi sasa."

Waziri Dahmani akasimama amejaa ghadhabu, akasema, "Mkateni ulimi. Sultani haokoti, Sultani hutwaa. Kila kilicho chini ya mbingu ya Tarabuni ni chake tangu mababu, basi atachukuaje bila kuomba? Amwombe nani?"

Na hilo, enyi jamaa, ndilo lililokuwa kosa, nalo halikuwa la Waziri peke yake. Jini alipotaja jiwe lililochukuliwa, hapakuwa na mtu katika baraza zima, hata Sultani mwenyewe, aliyefikiri kwamba jiwe la mfukoni mwa Sultani linaweza kuwa jiwe la mtu.

Sultani akautoa mkono, na jiwe likaonekana, limeshalainika kwa kusuguliwa. "Dahmani, keti," akasema. Akaliangalia. "Miaka thelathini natunukiwa yakuti na almasi, na yote yako hazinani, sijui hata yanafananaje. Hili nilijiokotea mwenyewe. Nikiwa katika hukumu nzito nalishika, na moyo unatulia." Akamtazama Shekuwe kwa macho ya mtu anayeomba. "Hakuna lingine linaloweza kuziba pale?"

"Hakuna," akasema Shekuwe. Na kwa kuwa barazani pale ni yeye tu aliyejua Sultani anaombwa nini, akaongeza kwa sauti ya chini, "Najua linavyouma. Mimi ninalo la Bonde la Punda. Ukiniambia nilitoe, nitaumwa. Lakini nitalitoa."

Sultani akasimama. "Lete farasi."

Mji mzima ukawafuata hadi kilimani, na jua lilikuwa limeshainama. Shekuwe akanyoosha mkono alipokee jiwe, akasema, "Nimesema mimi, nitie mimi. Nikiwa nimekosea, niwe jiwe mimi." Sultani akakataa. "Aliyelitoa ndiye atakayelirudisha," akasema, na akapiga magoti katika tope, na joho lake la zari, akatamka kwa sauti iliyosikiwa na wote, "Ewe Zimriyani, nilichukua kilicho chako bila kukuomba. Naomba radhi." Akaingiza mkono katika tundu akaliweka jiwe.

Baridi ikamshika kucha mbili za mkono wa kulia, zikawa za kijivu, na ikaanza kupanda. Watu wakapiga yowe. Waziri akakimbia. Shekuwe hakukimbia. Alijitupa kifudifudi, akatia mkono wake tunduni juu ya mkono wa Sultani, akapapasa. "Umeliweka tumbo juu," akasema. "Ligeuze. Polepole, bwana wangu. Upande uliolainika kwa maji ndio mgongo. Sasa lisukume." Jiwe likazama mahali pake kwa sauti ndogo ya mlango unaofungwa vizuri, na baridi ikasita. Kitambo kidogo maji yakaja, kwanza tope, kisha safi, yakawalowesha wote wawili mpaka vilemba, na Sultani Shaibani akacheka hadharani kwa mara ya kwanza tangu atawazwe.

Zimriyani akatokea, kanzu yake imekwisha kukauka. "Shekuwe," akasema, "omba utakacho."

"Naomba jiwe moja la nyumbani kwako," akasema Shekuwe, "lolote, mradi unipe kwa hiari yako."

Jini akastaajabu, akashuka, akapanda na donge la kijivu lisilo na sura, ambalo mkewe alikuwa akizuilia mlango. "Ulipasue siku ya harusi yako," akasema, na ardhi ikafunga.

"Harusi gani?" akauliza Shekuwe, na Siti Hasina, aliyekuwa nyuma yake amebeba kalamu na wino, akasema, "Baba, huyu mtu ni mwepesi wa mawe na mzito wa mengine. Msaidie." Sultani akamsaidia. Ndoa ikafungwa siku saba baadaye, na donge lilipopasuliwa ndani yake palikuwa na shimo lililojaa fuwele za zambarau, na nuru yake ikajaa ukumbini. Nusu moja ikawa mahari, na utajiri wake ulitosha vizazi. Nusu ya pili ikawekwa rafuni, kwa sharti la bibi harusi, baada ya yeye mwenyewe kuiandika tumboni: "Mlizamu, chini. Tuliomba, tukapewa."

Waziri Dahmani alirudi baada ya mwezi, akapewa kazi ya kupangusa vumbi.

Hayo ndiyo niliyoyapokea, nami nimeyakabidhi kwenu kama yalivyo. Atakayeuliza funzo, nitamwambia: penda kitu kidogo kwa moyo wote, na kitakuja kukushuhudia siku wakubwa watakapokukana, lakini kwanza uliza ni cha nani. Sultani alilijua hilo kwa kucha zake mbili, ambazo zilibaki jiwe mpaka siku ya kufa kwake. Ijumaa moja alifika nyumbani kwa mkwewe bila walinzi, jasho linamtoka, akatoa mfukoni kijiwe cha rangi ya kutu, akaomba kalamu. Aliandika mwenyewe, kwa mkono mzito, Shekuwe na Hasina wamemwinamia pande mbili, na alipomaliza akawaonyesha kama mtoto anayeonyesha ubao wake: "Bustani ya nyuma, chini ya mkomamanga. Nimemwomba mtunza bustani. Mara ya kwanza alikataa."